Chaza Waliobaki Kwenye Kopo

Anchorage, 4 Mei 2023

Shangazi Estelle,

Pokea salamu za baba yako mzazi, yaani mimi. Usinune. Ni wewe uliyenipa jina la marehemu baba yako, Nunguk, nilipozaliwa, na tangu hapo umekuwa ukiniita Baba mbele za watu hata nilipokuwa bado navaa nepi. Basi leo Baba anakuandikia, binti yangu, na kama una adabu utasoma mpaka mwisho bila kuweka barua chini uende kuangalia birika.

Ningepiga simu, lakini simu zetu unazijua. Mimi napiga kelele, wewe unauliza "nani?", mwisho jirani yako Vernon anakunyang'anya simu na kunihadithia habari za injini ya mashua yake. Na Facebook kijiji kizima kinasoma. Kwa hiyo karatasi.

Deanna hajambo. Dada yangu huyu angefaa kuwa polisi. Anahesabu maji ninayokunywa, glasi nne kwa siku, na barafu nikiimumunya anaihesabu pia. Ana habari lakini amenikataza kusema, kwa hiyo nakuambia wewe peke yako: ana mimba ya miezi miwili. Usimwambie Vernon. Ukimwambia Vernon umeitangaza redioni.

Mimi naendelea na mashine yangu ya figo, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Damu inatoka, inafuliwa, inarudi. Nimeizoea kama mtu anavyozoea mke mkorofi. Mwaka wa tatu huu sijapaona nyumbani, maana huko hakuna mashine, na bila mashine hesabu yangu ni ya siku.

Sasa neno lenyewe. Shangazi, nataka chaza. Si hawa wa dukani wenye ladha ya maji ya bomba. Nataka chaza wa tumbo la walarasi, yule mnene wetu wa baharini mwenye pembe mbili. Siku nzima nikiwa nimelala pale na mipira mkononi nafikiria jambo moja tu: wewe umepiga magoti juu ya barafu, tumbo limepasuliwa, mvuke unatoka, nawe unachambua. Wagumu huku, waliokwisha kulainika unawatupia ndege. Ulinihadithia kwamba Babu alikuwa akisema walarasi ni mpishi wetu, anazama mpaka chini kwenye matope, anafyonza nyama, magamba anayaacha hukohuko, anatuletea chakula kilichomenywa. Ukanipa mmoja mdomoni, mwenye joto bado, umemchovya kwenye mafuta ya sili. Nilikuwa na miaka mitano.

Najua daktari amekataza. Amekataza chumvi, samaki, ndizi, viazi, maziwa, karibu kila kitu isipokuwa kupumua. Nitakula watatu tu. Deanna hataona.

Huu ndio msimu wenyewe. Tuma, binti yangu.

Nunguk, babako


Sivuqaq, 27 Mei 2023

Baba,

Barua yako imefika, siku ishirini na tatu tangu uiandike. Ndege ilikuja mara mbili ikazunguka juu ya ukungu ikarudi ilikotoka. Nimefurahi kujua kwamba ulimi wako angalau haujaugua.

Hapa kisiwani sote tupo. Sikio langu la kushoto limekufa kabisa sasa, la kulia linasikia likitaka. Mwambie Deanna sijui lolote kuhusu jambo lile, na mwambie kwamba nimeanza kumshonea mtoto viatu vya ngozi. Kaburi la mume wangu, mjomba wako Clement, limetitia tena upande wa miguu. Ardhi iliyoganda inayeyuka chini yake. Vernon na mimi tulijaza changarawe, mara ya tatu tangu tumzike Agosti iliyopita.

Barafu ilituacha tarehe kumi na nane Aprili. Zamani ilikuwa inakaa nasi mpaka Juni, ikipita mbele ya nyumba na walarasi wamelala juu yake wakikoroma, unawasikia ukiwa kitandani, hata mimi kiziwi. Mwaka huu upepo wa kusini ulivuma siku mbili, tukaamka tukakuta maji matupu. Vernon aliifuata barafu kwa mashua siku nzima, akaikuta mbali sana, vipande vyembamba. Alipata dume mmoja. Mmoja, Baba, kwa kijiji kizima. Naye hakukubali kirahisi, alipiga mashua kwa pembe zake mpaka ubao ukapasuka. Vernon bado anatetemeka anaposimulia, na anasimulia kila siku.

Tumbo lilikuwa limejaa. Nilichambua mwenyewe. Wagumu, wenye rangi ile ya machungwa, wakanijazia kopo la kahawa mpaka juu. Nimewaweka kwenye friza.

Lakini sikutumii.

Kuna mwanamke wa utafiti alikuja na ndege, akaomba kijiko kimoja cha chaza hao. Aliwatia kwenye mfuko, akauandika namba, akasema wanapelekwa maabara na jibu litakuja. Bahari siku hizi inaumwa, ndivyo alivyosema. Tusubiri jibu. Likija zuri nitakutumia kopo zima.

Kwa sasa nakutumia nyama ya sili iliyokaushwa bila chumvi, na majani ya kilimani uliyokuwa ukiyapenda. Usiniulize zaidi.

Estelle


Anchorage, 12 Juni 2023

Shangazi,

Nyama imefika, asante. Deanna alikula zaidi yangu, anasema mtoto ndiye anayetaka. Majani yalikuwa yamenyauka lakini nilinusa karatasi uliyoyafungia.

Ila umenichekesha. Tangu lini wewe unasubiri karatasi ya maabara ndipo uweke chakula mezani? Wewe, ambaye yule mwalimu aliposema nyama tunayoifukia ardhini ichachuke ina vijidudu ulimwambia "vijidudu hivyo vimetulea, wewe vyako viko wapi"? Nilikuwa najisifu kwa wauguzi hapa kwamba nina shangazi asiyeogopa chochote isipokuwa ngazi za ndege. Kumbe mwanamke mmoja mwenye mifuko ya plastiki amekutisha.

Kopo zima lipo kwenye friza! Unajua kunitesa. Ungeniambia Vernon hakupata kitu ningelala salama.

Mimi ni baba yako na ninakuamuru. Natania. Lakini sitanii sana. Sijawahi kukuomba kitu tangu nije huku, hata mara moja, hata Krismasi. Nakuomba hiki. Kama umekasirika kwa sababu sikuja kumzika mjomba Clement, sema. Ningetoka vipi kwenye mashine? Uliniambia ni moyo, umesimama ghafla, na Deanna akalia hapa siku tatu. Nilidhani umenielewa.

Mkono wangu wenye mshipa wa mashine umevimba kidogo. Si kitu.

Nunguk


Sivuqaq, 8 Julai 2023

Mwanangu,

Leo sikuiti Baba, maana haya siwezi kumwambia baba yangu.

Tuko wazima. Deanna mwambie viatu vimekwisha. Pwani imejaa ndege waliokufa, wale weusi wenye midomo mifupi, mwanzo mpaka mwisho wa ufuo. Nilimwokota mmoja, kifua chake kimebaki mfupa kama kijiko. Watoto wamekatazwa kuwashika. Maji yana joto, nimeingiza mguu na sikuhisi kitu. Miaka sitini na moja nimekaa kwenye kisiwa hiki, na kila nilipotia mguu baharini ulikuwa unapiga kelele.

Sijakukasirikia kuhusu mazishi. Ondoa hilo moyoni.

Clement hakufa kwa moyo.

Agosti iliyopita alikuta walarasi ufukoni, nyuma ya ile miamba mirefu. Peke yake, amelala, hakuna barafu wala wenzake. Clement alimsogelea mpaka hatua kumi, mnyama akamtazama tu. Hakuguna, hakuinua kichwa. Wewe unajua tulivyofundishwa: mnyama asiyekimbia amejileta mwenyewe, na kumkataa ni kumtukana. Clement alirudi nyumbani machozi yanamtoka kwa furaha. "Estelle," akaniambia, "mwaka mzima hatujapata kitu, na huyu amekuja mwenyewe mlangoni." Alimshukuru kwanza, ndipo akampiga risasi.

Mimi nilipasua tumbo. Mimi nilichambua, mimi nilimwekea kwenye sahani na mafuta. Mwindaji anaanza, ndivyo tulivyolelewa. Na mimi siku hiyo nilikuwa na jino linauma, nikasema nitakula kesho.

Alikula sahani nzima. Akaniambia midomo inawashawasha. Nikamcheka, nikamwambia, "Umezidisha mafuta, mlafi wewe." Naye akacheka. Kisha vidole. Akashika kikombe cha chai, kikamponyoka. Akasema, "Ajabu, sijisikii mikono." Hatukuwa tunacheka tena. Nilimkimbilia Vernon, Vernon akaenda zahanati, zahanati ikaita ndege, ndege ikasema ukungu. Clement alikuwa macho muda wote. Alikuwa ananitazama, Nunguk, ila kifua hakikuweza kupanda. Hiyo ndiyo sehemu ambayo siwezi kuiacha.

Waliandika moyo. Mimi sikusema neno. Sahani niliiosha, chaza waliobaki nikawazika. Ningesema nini? Kwamba nimemlisha mume wangu sumu kwa mkono wangu? Na ningesema, nani tena angekula kutoka baharini? Tungekula nini hapa, mikate ya dukani? Hakuna aliyepima, kwa hiyo mpaka leo sina uhakika, na ninajua kabisa.

Mwanamke wa utafiti nilimuuliza, bila kumwambia kwa nini ninauliza. Akasema kuna mwani mdogo sana, jicho halioni, mbegu zake zilikuwa zimelala kwenye matope chini ya bahari, baridi ikizizuia. Sasa maji yamepata joto, zimeamka. Chaza wanazinywa, walarasi anakula chaza. Sumu yake huichemshi ikatoka. Huigandishi ikatoka. Na akasema kitu kimoja zaidi: sumu ile hutolewa mwilini na figo. "Mtu mwenye figo mbovu," akasema, "asijaribu hata mmoja."

Sasa umeelewa kwa nini kopo limekaa kwenye friza. Huyu wa mwaka huu alipigana, alikuwa mzima, nadhani ni mzima. Lakini siwezi kukulisha kwa kudhani.

Usimwambie mtu. Deanna akiuliza, mwambie shangazi ni bahili.

Estelle


Anchorage, 30 Julai 2023

Shangazi yangu,

Nimeisoma barua yako mara nne. Deanna aliuliza, nikamwambia shangazi ni bahili.

Sijui kuandika maneno makubwa, kwa hiyo nasema madogo. Mnyama hakuwa na alama usoni. Mjomba alifanya alivyofundishwa na wewe ulifanya ulivyofundishwa, na waliowafundisha hawakuwahi kuona bahari kama hii. Kama mimi kweli ni Nunguk, yule wa kwanza, basi ni mimi niliyekufundisha kuchambua, na kosa uniwekee mimi. Nina mgongo mpana. Ulikuwa mpana, sasa nimekonda.

Habari za huku: mvua. Tumbo la Deanna linaonekana, amekuwa mkali mara mbili. Mkono ule waliacha kuutumia, wakahamia shingoni.

Nina habari nzuri. Daktari ameniruhusu kula chochote. Ndiyo, chochote. Chumvi, ndizi, kachumbari, maji nikitaka ndoo. Jana nilikula viazi vya kukaanga na Deanna aliniangalia bila kusema neno, sijawahi kuona.

Kwa hiyo muulize yule mama wa mifuko jibu linakuja lini. Sina haraka. Uliza tu. Na kama ukiona vyema kutuma bila kusubiri, mimi ni mtu mzima, nitakula kwa mkono wangu mwenyewe, wala si wewe utakayekuwa umenilisha.

Nunguk, babako


Sivuqaq, 16 Agosti 2023

Baba!

Barua yako nimeisoma posta, nimesimama, nikapiga kelele mpaka Vernon akadhani nimepata msiba. "Ameruhusiwa kula kila kitu!" nikamwambia. Vernon akasema, "Basi figo zimeanza kuamka." Na Vernon si daktari lakini binamu yake alikuwa mgonjwa wa figo, anajua. Sasa kijiji kizima kinajua, nisamehe, lakini habari njema haifai kufichwa.

Nilijua. Nilijua hutakufa huko kwenye mji wa magari. Nimekuanikia godoro juani, nimefua blanketi lako la bluu. Ukiruhusiwa kusafiri mwezi wa kumi na moja mtoto wa Deanna atakuwa hajazaliwa bado, mje wote wawili, azalie huku. Chumba chako nimekitoa maboksi.

Nimempigia yule mama simu, Vernon akinisikilizia. Anasema sampuli ni nyingi mwaka huu, kila kijiji kinaleta, maabara ni ndogo. Labda mwisho wa mwezi. Nilimwambia mgonjwa wangu ameruhusiwa kula chochote, akanyamaza kidogo. Kisha akasema atawakumbusha. Watu wa bara wana namna yao ya kunyamaza.

Kuhusu kutuma bila kusubiri: hapana. Umesubiri miaka mitatu, sasa unapona ndiyo nikuue? Wiki mbili tu. Maneno uliyoniandikia kuhusu Clement nimeyakunja nimeyaweka ndani ya kisanduku cha sindano. Tangu niyasome nimelala.

Kula viazi, kula ndizi, nenepa. Usitie aibu ukishuka kwenye ndege.

Binti yako, Estelle


Anchorage, 21 Agosti 2023

Shangazi,

Mwandiko ni wa Deanna, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike yote hata nikisema upuuzi. Amesema upuuzi ameuzoea.

Barua yako imefika jana. Deanna alinisomea ile sehemu ya godoro na blanketi. Nikamwambia rudia. Alirudia mara mbili kisha akatoka nje.

Shangazi, nilikudanganya bila kusema uongo. Mwezi wa sita walianza kukosa mishipa. Mkono ukakataa, shingo ikakataa, wakajaribu paja. Na kila wakiniunga kwenye mashine presha inashuka mpaka wananipiga makofi kuniamsha. Daktari akakaa kitandani kwangu, akasema tunaweza kuendelea kupambana wiki chache, au tuache. Nikasema tuache, ila kwanza nipe siku kidogo. Mtu akiacha mashine wanamruhusu kula kitu chochote. Hiyo ndiyo maana yake. Nilidhani utajua. Halafu nikawa naomba usijue.

Mara yangu ya mwisho kwenye mashine ilikuwa tarehe kumi na nne. Leo nimevimba miguu, najikuna, nasinzia. Hainiumi sana. Wana dawa.

Nimemkataza Deanna kupiga simu. Ungesikia nusu, na nusu nyingine angekupigia kelele Vernon dukani mbele ya watu. Nimetaka usome peke yako, umekaa.

Na usitume chaza. Hamu imekwisha. Kila kitu mdomoni kina ladha ya chuma, hata maji niliyoyatamani miaka mitatu. Likija jibu la maabara, liwe lolote, usihangaike kuniambia. Ulifanya sawa. Nisikilize: ulifanya sawa kusubiri. Nilikucheka kwa ajili hiyo mwezi wa sita na ninaomba radhi.

Jambo moja. Deanna anataka kumpa mtoto jina letu. Nimemwambia si langu la kutoa, ni la shangazi, aliyenipa mimi ndiye aamue.

Blanketi la bluu unaweza kunifunika nalo nikifika.

Nunguk


Sivuqaq, 25 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Naandika kwa haraka, ndege iko njiani na ukungu umefunguka kwa mara ya kwanza baada ya siku tano. Watu wamejaa uwanjani na pikipiki zao kama sikukuu.

JIBU LIMEKUJA. Yule mama amempigia Vernon simu asubuhi, amesoma mwenyewe. Safi! Chaza wetu ni safi, hakuna sumu hata chembe. Amesema hata mtoto angekula. Nilikaa chini sakafuni. Vernon akanipa maji.

Nimelifunga kopo kwa mifuko mitatu na gazeti na barafu pande zote, na juu nimeandika WEKA KWENYE BARIDI kwa herufi kubwa. Likifika usimruhusu Deanna kuwachemsha! Najua atataka kuwachemsha, amekaa mjini muda mrefu. Uwaache wayeyuke taratibu kwenye bakuli, uwachovye mafuta, nimeweka chupa ndogo ya mafuta kando. Wa kwanza mshikilie kinywani kidogo kabla hujatafuna. Clement alikuwa akifanya hivyo.

Mimi sikuchukua hata mmoja. Wote ni wako. Nimewahesabu kwa macho, wanakutosha wiki ikiwa utakula kama mtu, siku moja ikiwa utakula kama wewe.

Nasikia ndege. Kumbe naisikia! Vernon ananiita. Niandikie mara tu utakapoonja, uniambie kama ladha ni ileile.

Binti yako mtiifu hatimaye,
Estelle


Sivuqaq, 24 Septemba 2023

Baba,

Ndege iliyochukua kopo ndiyo iliyoleta barua yako ya mwisho. Nilikabidhi mzigo, nikapewa bahasha. Niliisoma uwanjani nimesimama, si nimekaa kama ulivyotaka. Nilipoinua macho ndege ilikuwa imeshapaa na chaza wako ndani yake.

Uliondoka tarehe ishirini na saba. Deanna alipiga simu, na ilikuwa kama ulivyosema, nusu nilisikia. Ukarudi nyumbani tarehe tisa mwezi huu kwenye sanduku la mbao, Deanna ameketi kando yako na tumbo lake. Nimekufunika na blanketi la bluu. Uko karibu na Clement. Vernon na vijana walichimba siku nzima, na chini, mahali ambapo zamani shoka lilikuwa linaruka, koleo liliingia kama kwenye uji. Kwa hiyo nawe utatitia. Nitajaza changarawe kadiri mikono itakavyoweza.

Kopo lilikaa njiani siku sita kwenye joto. Lilifika Anchorage baada ya wewe kuondoka. Deanna hakujua alifanyie nini, akarudi nalo. Nilifungua jikoni peke yangu. Walikuwa wameoza, Baba. Wote. Nilitaka kukuwekea angalau mmoja mkononi, kama tulivyomwekea Nunguk wa kwanza, na sikupata hata mmoja wa kuweka. Nilikwenda kuwamwaga ufukoni, nikangoja ndege washuke kama zamani. Hakuna ndege aliyeshuka. Hakuna ndege.

Uliniambia nilifanya sawa. Nimejaribu kuamini, siwezi. Yule walarasi aliyejileta mwenyewe nilimpokea kwa mikono miwili na kumlisha mume wangu. Huyu aliyepigana, aliyekuwa mzima, nikamwogopa, na wewe umekufa na njaa ya kitu kimoja ulichowahi kuniomba. Kilikuwa kwenye friza, hatua nane kutoka kitandani kwangu. Nilikuwa nikikipita kila siku nikienda kuchukua mkate. Mara zote mbili nilifanya kwa mapenzi, na mara zote mbili nimekosea, na sijui tena mtu wa hapa anatakiwa afanyeje na mikono yake.

Deanna amebaki. Analala chumbani kwako. Kila asubuhi ananiuliza, "Shangazi, jina?" Nami najifanya sijasikia. Uziwi wangu umenifaa kwa jambo hilo moja.

Jana aliniandikia kwenye karatasi, akaisukuma mezani mpaka mbele yangu: *Kwa nini hutaki kumpa jina lake?* Nikainuka, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nikilitoa utarudi, nakujua. Utafika miaka mitano, utasimama hapo mlangoni pa jikoni na macho yako yale, na utaniomba chaza. Wawili mmelibeba jina hilo na wote wawili mliniomba kitu kilekile. Yule wa kwanza nilimpa kila mwaka mpaka alipozeeka akakosa meno, nikawa namtafunia. Vernon amerudi leo baada ya siku tatu baharini. Nilimwona akishuka, sikumuuliza. Mashua ilikuwa inaelea juu, nyepesi, haina kitu.

Viatu vya mtoto viko hapa mezani mbele yangu. Jina sijampa.

Estelle